Swali Alilolificha Nukta

Kila asubuhi Nukta ndiye aliyeamka wa kwanza katika nyumba yao. Alifagia ua, akachota maji, akabandika chai, kisha akarudi chumbani kumwamsha Chiriku, ambaye alilala fofofo kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Chiriku alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Mama huyo alikuwa amepata kazi mbali, na tangu aondoke, wasichana hao wawili walilala kitanda kimoja, wakala pamoja na kusoma darasa moja.

Nukta halikuwa jina lake la cheti. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, tena hakuwa na maneno mengi. Akishasema lake, amemaliza. Chiriku naye alipewa lake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza akipiga mswaki, akazungumza akifunga viatu, na jambo lililomkera Nukta kuliko yote ni kwamba watu walipenda kumsikiliza.

"Mama mkubwa, chai ya leo imenoga mpaka natamani kuioga," Chiriku alisema asubuhi hiyo, na mama akacheka hadi akaweka kikombe chini.

Chai ile aliibandika Nukta. Hakuna aliyelisema hilo.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Zamani, alipohitaji mtu wa kumshikia chuma, aliita, "Nukta." Siku hizi aliita jina lolote lililomjia kwanza, na mara nyingi lililomjia kwanza lilikuwa la Chiriku. Mwanzoni Chiriku alimwita "baba mkubwa." Juzi tu alikuwa amemwita "baba" kavukavu, na baba akaitika bila hata kuinua macho. Nukta alikuwa amesimama mlangoni, sahani mkononi. Alihisi kitu kikimkwaruza kifuani kana kwamba amemeza mfupa.

Njia ya kwenda shule ilikatwa na kijito kilichopita chini ya mtaa wao. Wakati wa kiangazi watoto walikivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mvua ikinyesha mawe yalizama, na aliyetaka kuvuka alivua viatu, akapandisha nguo, akamwomba Mungu. Daraja la magari lilikuwa mbali, huko nyuma ya soko, na mwanafunzi aliyezunguka huko alifika shuleni amechelewa na amechoka.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, aliyekuwa mbele yao, aliteleza na kukaa kitako ndani ya maji. Chiriku alimtupia Nukta mkoba wake, akaingia majini na viatu vyake, akamtoa mtoto yule huku vitabu vyake vikichuruzika maji. Walimfuta machozi, wakamshika mkono mpaka shuleni.

Darasani mwalimu alimwuliza Chiriku kwa nini amelowa hivyo. Mtoto mwingine angejibu kwamba ameteleza, akakaa. Chiriku alieleza habari yote, kisha akamalizia, "Lakini mwalimu, tunamngoja nani? Mtaani kwetu yupo fundi wa vyuma, yupo mwashi, yupo mwenye mkokoteni, na mikono tunayo. Kwa nini tusijenge kivuko chetu wenyewe?"

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu alivua miwani, akamtazama kwa muda.

"Hilo itabidi ulirudie mbele ya wazazi," alisema.

Nukta alikuwa amekaa na mkoba wa Chiriku mapajani. Alijiambia kwamba wazo hilo hata yeye aliwahi kuwa nalo. Haikuwa kweli sana. Aliwahi kutamani kivuko kama kila mtu alivyotamani, lakini hakuwahi kuwaza kwamba kingeweza kujengwa na watu anaowajua. Hata hivyo uongo ule ulimpoza kidogo, akarudi nao nyumbani.

Jumamosi wazazi walikutana katika ua wa Mama Cherehani. Huyu alikuwa mshonaji, na pia ndiye mwenyekiti wa mtaa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa bondeni, karibu na kijito, na mlio wa cherehani yake ulisikika hata nje. Chiriku alipandishwa juu ya kiti ili aonekane. Alisema yale aliyoyasema darasani, akaongeza mengine, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kuchangamka. Mwashi alisema atajenga nguzo. Mwenye mkokoteni alisema mawe aachiwe yeye. Baba yake Nukta alisema ana vyuma viwili virefu ambavyo vimelala karakanani muda mrefu vikiliwa na kutu.

Muuza mkaa, mzee mkimya aliyekaa nyuma, akainua mkono. "Na masika je?" aliuliza. "Maji ya hapa yakija, huja na hasira."

"Mzee, usituletee nuksi," mtu mmoja alimkatiza. Mwingine akasema kwamba mzee huyu huwa na shaka hata na kivuli chake, watu wakaangua kicheko.

"Babu, tukianza kwa kuogopa hatutafika popote," Chiriku alisema kutoka juu ya kiti chake, na makofi yakalipuka. Muuza mkaa akashusha mkono.

Kazi ilianza kesho yake. Hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuona mtaa ukichangamka namna ile. Watu waliokuwa hawasalimiani walibeba jiwe moja pamoja. Akina mama walipika uji katika sufuria kubwa. Na kila aliyepita alimwita Chiriku "Injinia," naye akaitika na kucheka, akakimbia huku na huku kama mwenye mali.

Nukta alibeba kokoto. Hakuna aliyemkataza na hakuna aliyemshukuru. "Chiriku, hebu njoo unishikie hapa," baba alisema, akimpa ncha ya utepe wa kupimia. Nukta alipita nyuma yao na ndoo yake kichwani. Alijikuta akitamani Chiriku ajikwae, aseme upumbavu, angalau apige chafya vibaya mbele za watu. Hakujikwaa, na chafya hakupiga.

Jumanne jioni Nukta alitumwa kwa Mama Cherehani kuchukua ndoo nyingine. Ua wa fito uliozunguka nyumba ile ulishuka mpaka ukingoni mwa kijito. Alipoinama kuokota ndoo aliona kitu ambacho alikuwa amekipita kila siku bila kukitazama. Katikati ya fito kulikuwa kumenasa majani makavu, vipande vya mifuko na matambara yaliyopauka, yote yamejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka pembe hii ya ua hadi ile. Mstari huo ulimfika kifuani.

Alisimama akifikiri. Vitu vile havikupandishwa na upepo. Vililetwa na maji ya masika yaliyopita, yakaviacha pale yalipofika. Akageuka kuzitazama nguzo ambazo mwashi alikuwa anakaribia kuzimaliza, hatua chache kutoka pale alipokuwa. Zilimfika magotini.

Alifungua mdomo kumwita baba. Wakati huohuo baba alicheka kwa nguvu kwa jambo aliloambiwa na Chiriku, akamfuta vumbi usoni kwa kiganja chake, kama alivyokuwa akimfuta Nukta zamani. Nukta akafunga mdomo.

"Ngoja kwanza," alijiambia.

Tangu hapo alitembea na siri ile kama pipi chini ya ulimi. Kila Chiriku alipoitwa Injinia, Nukta aliigeuza siri yake kidogo, akasikia utamu. Aliendelea kubeba kokoto ambazo alijua hazitafaa kitu. Mara moja alimwona mama wa yule mtoto wa darasa la kwanza akiinua jiwe zito huku amembeba kichanga mgongoni, na moyo ukamwambia aseme. Lakini karibu na mama huyo alisimama Chiriku akimsifu kwa kazi nzuri, na moyo ukafunga mlango wake tena.

Jumamosi iliyofuata watu walikutana kupanga siku ya kuweka vyuma. Chiriku alipandishwa tena juu ya kiti. Alikuwa katikati ya maneno yake Nukta alipoinuka.

"Naomba kuuliza," alisema.

Watu waligeuka kwa mshangao, maana wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake.

"Injinia wetu alipima maji ya masika, au alipima makofi?"

Wachache walicheka, wakidhani ni utani. Nukta hakucheka. Aliwapeleka hadi kwenye ua, akawaonyesha ule mstari wa takataka, kisha akawaonyesha nguzo. Mwashi alichukua mpini wa koleo lake, akapima hapa, akapima pale. Uso wake ukabadilika.

"Ni kweli," alisema polepole. "Maji yatapita juu."

Nukta angeweza kuishia hapo. Kwa kawaida yake, angekuwa amemaliza. Lakini alimwona Chiriku ameduwaa, mdomo wazi bila neno hata moja, na ladha ya jambo hilo ikampanda kichwani.

"Na hata yasipopita," aliendelea, "mnadhani kitamalizika? Bomba la mtaa lilianza hivihivi kwa kelele, likafa. Bustani ya akina mama ikaliwa na mbuzi. Kikundi cha vijana zimebaki fulana tu. Hapa kwetu hakuna kinachofika mwisho. Tunadanganyana tu, na safari hii tumedanganywa na mtoto."

Maneno yale yaliingia mahali ambapo kila mtu alikuwa na kidonda. Mwenye mkokoteni alicheka kicheko kikavu, akasema alikuwa na kazi zake alizoziacha. Akaondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakijifanya wamekumbuka shughuli. Baba yake alikunja utepe wake wa kupimia taratibu, bila kumtazama mtu. Chiriku alishuka kutoka kwenye kiti kwa uangalifu, kana kwamba kiti kimekuwa kirefu kuliko alipokipanda.

Jioni hiyo mama alimkuta Nukta jikoni.

"Ulisema kweli," mama alimwambia. "Lakini sijui kwa nini kweli yako imenikaa vibaya hapa." Akajigusa shingoni, akaondoka.

Nukta alikuwa ameshinda, na kwa siku moja ushindi ulikuwa mtamu. Baada ya hapo alianza kuona mambo ambayo hakuyapangia. Chiriku hakuimba tena wala kusema upuuzi wake mezani. Kwa kuwa alikuwa kimya, mama alimmiminia chai mwenyewe, na baba alimwuliza mara mbili kama ana homa. Hata huzuni ya Chiriku ilipendwa. Nukta alisema kweli, na hakuna aliyemwuliza kama yeye analala vizuri.

Kule kijitoni mwashi alirudi kuchukua mbao zake. Mwenye mkokoteni alipakia mawe yake, akayapeleka kwingine. Waliokuwa wamebeba jiwe moja pamoja walirudi kupitana njiani bila salamu. Mtaa ulirejea kama ulivyokuwa, ila sasa ulionekana mbaya zaidi, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameonja jinsi ulivyoweza kuwa.

Masika yakaja. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, Nukta alitoka mbio kwenda kijitoni kabla hata ya kunywa chai. Maji yalikuwa mekundu na mapana, yakibeba matawi na ndoo ya mtu. Nguzo hazikuonekana kabisa. Maji yalikuwa yamefika kwenye ule mstari wa uani, hasa pale alipokuwa amesema.

Alikuwa sahihi. Aligeuka atafute wa kumwambia, lakini hakuwapo mtu. Waliokuwapo ni wanafunzi wachache waliosimama na mikoba yao, wakitazama ng'ambo wasikoweza kufika. Yule mtoto wa darasa la kwanza alikuwa anarudishwa nyumbani na mama yake. "Mpaka mvua ziishe hutakwenda," mama alikuwa akimwambia, na mtoto akaburutwa akilia.

"Wewe uliyesimama hapo, njoo unisaidie."

Ilikuwa sauti ya Mama Cherehani. Maji yalikuwa yameingia kizingitini kwake. Nukta alikimbilia ndani, wakashika cherehani huku na huku, wakaiinua na kuiweka juu ya meza. Kisha wakainua marobota ya vitambaa. Walipomaliza, Mama Cherehani alikaa kitandani, miguu juu, akihema.

"Ulisema yatafika hapa, na yamefika," alisema. "Una macho mazuri, mwanangu."

Nukta akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa ameitamani muda wote, lakini haikumfurahisha.

"Nikuulize. Ule mstari uliuona lini?"

"Jumanne," Nukta alijibu, kwa sauti ya chini.

"Na ulisema Jumamosi."

"Ndiyo, mama."

"Siku hizo zote sisi tulikuwa tunabeba mawe." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama anayetaka kujua kweli. "Ulipokuwa unangoja, ulikuwa unataka kivuko kisimame, au ulitaka mwenzako aanguke?"

Machozi yalimtoka Nukta. "Nilitaka aanguke," alisema.

Mama Cherehani alianza kukunja kitambaa kimoja. "Haya. Umenijibu vizuri, kwa hiyo na mimi nitakuambia langu. Yule mzee wa mkaa aliuliza habari ya masika siku ya kwanza kabisa. Mimi ndiye mwenyekiti. Mimi ndiye ninayeamka na maji kizingitini kila mwaka. Nilimsikia, nikacheka na wenzangu, kwa sababu nilikuwa na furaha na sikutaka mtu aiguse. Wewe ulikuwa na macho ukakosa nia njema. Sisi tulikuwa na nia njema tukafumba macho. Sasa maji yako hapa, hayamwulizi mtu alikuwa na nini." Akamrushia kitambaa. "Futa uso. Kisha nenda ukazungumze na ndugu yako, maana mimi siwezi kukuzungumzia."

Chiriku alikuwa nyuma ya karakana, amekaa juu ya chuma kimojawapo kati ya vile viwili virefu. Nukta alikaa upande wa pili wa chuma. Alimweleza yote: Jumanne, siri, na jinsi alivyoifurahia. Hakujitetea.

"Nilijua una wivu na mimi," Chiriku alisema baada ya kumsikiliza. "Unafikiri mimi sina wivu na wewe?"

Nukta alimtazama bila kuelewa. "Wivu wa nini? Kila mtu anakupenda wewe."

"Wananichekea. Wewe una mama unayemwona kila siku. Ukikohoa, baba anajua kama ni kikohozi cha vumbi au cha homa. Mimi nikikohoa inabidi aniulize." Chiriku alikwaruza kutu kwa ukucha. "Nachekesha watu nyumbani kwenu kwa sababu mgeni aliyenuna huchosha upesi. Nikinyamaza, naogopa watakumbuka kwamba mimi si wa pale."

Nukta hakuwa amewahi kufikiri kwamba Chiriku anaweza kuogopa kitu. Alisogea karibu naye juu ya chuma.

"Na yule babu wa mkaa," Chiriku aliongeza, "nilimnyamazisha mimi. Alikuwa anauliza swali zuri, mimi nikaona kama anataka kunipokonya makofi."

"Twende kwake," alisema Nukta.

Muuza mkaa aliwapokea kwenye ua wake, mikono myeusi, uso hauonyeshi kitu. Chiriku aliomba radhi bila kupamba. Nukta akamwuliza, "Babu, wewe ungejenga wapi?"

"Leo ndiyo mnaniuliza masika, wakati yameshafika?" mzee alisema, lakini mdomo ulikuwa unamcheza. Akawapeleka nyuma ya banda lake la mkaa. Pale kijito kilibanwa kati ya majabali mawili marefu. Maji yalipita chini kwa kelele, lakini hata siku hiyo hayakuwa yamefika hata nusu ya jabali. "Ni hapa. Ila itabidi watoto wapite uani kwangu, na hilo hakuna aliyewahi kuniomba."

"Tunakuomba sisi," Nukta alisema.

Kazi ngumu ikawa ni kuwarudisha watu. Wasichana wale walipita nyumba kwa nyumba, na milango mingine haikufunguliwa. Mwenye mkokoteni aliwaambia wamwache, ameshachoka kuchekwa. Nukta ndiye aliyemjibu.

"Mimi ndiye niliyesema hapa kwetu hakuna kinachofika mwisho. Nilisema vile ili kumwumiza mtu mmoja, nikawaumiza wote. La nguzo lilikuwa kweli. Hilo jingine silijui, na hata wewe hulijui. Njoo uone mahali penyewe, uulize chochote unachotaka. Usiporidhika, rudi nyumbani."

Alikuja, akiwa amekunja uso. Aliuliza maswali mengi, na safari hii hakuna aliyemwambia analeta nuksi. Baba yake Nukta alipima majabali na kutikisa kichwa: vyuma viwili havitatosha kwa kivuko kipana kama walivyokuwa wameota. Kingekuwa chembamba, cha mtu mmoja mmoja, na vishikio pande zote mbili. Wengine walinung'unika. Chiriku aliwaambia kwamba kivuko chembamba kilichosimama kinamfaa mtoto kuliko kipana kilichozama, na mwashi akaenda kuchukua mbao zake.

Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, na kazi ilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu walisimama kila mvua iliponyesha. Baba alichomelea, Nukta na Chiriku wakishika ncha mbili za chuma kimoja, nyuso zimegeuzwa pembeni zisipigwe na cheche. Siku moja Nukta aliona kishikio kimoja kinacheza. Donge lilimpanda, maana wakati huo watu walikuwa wanamsifu Chiriku kwa jambo fulani. Alilisikia donge lile, akalijua, akasema papo hapo, "Baba, hapa panacheza." Baba akaja, akatikisa, akawasha mashine yake. "Macho ya binti yangu," alisema, kama mtu anayejiambia mwenyewe, na Nukta akageukia upande mwingine ili asionekane anavyotabasamu.

Mvua kubwa ya mwisho ya masika ilinyesha siku chache baada ya kivuko kukamilika. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa uani kwa muuza mkaa. Maji yalinguruma chini ya majabali na kivuko kilikuwa juu, kikavu. Mtoto wa kwanza kuvuka alikuwa yule wa darasa la kwanza, mama yake akimshika mabega mpaka katikati, kisha akamwachia. Alipofika ng'ambo aligeuka na kutaka kurudi avuke tena, mwalimu akamkamata mkoba.

Watu walimwita Chiriku Injinia, wakampigia makofi. Moyo wa Nukta ulibanwa kidogo. Akasogea mpaka sikioni mwa Chiriku. "Wivu umenishika sasa hivi," alimnong'oneza.

"Mkubwa?" Chiriku aliuliza.

"Wa wastani."

Chiriku akamshika mkono, wakabaki hivyo.

Mwenye mkokoteni, aliyekuwa sasa na furaha kuliko wote, alipaza sauti. "Jamani, tusiishie hapa. Tupande miti kingo zote mbili, udongo usiliwe."

Watu walianza kushangilia, kisha wakasita. Mmoja mmoja, nyuso ziligeuka kumtazama Nukta. Muuza mkaa alikunja mikono kifuani, akingoja.

"Nani ataimwagilia kiangazi?" Nukta aliuliza.

"Sisi wa darasa letu, kwa zamu, tukitoka shule," Chiriku alijibu. "Lakini ianze michache. Ikishika, tunaongeza."

Mama Cherehani alicheka, kisha akawanyamazisha watu kwa mkono.

"Watoto, na nyinyi wakubwa pia, nisikilizeni kabla hamjatawanyika," alisema. "Tukiwa na matumaini bila kuuliza, tutajenga majini. Tukiuliza bila matumaini, hatutajenga kabisa, tutabaki kuchekana. Mtaa unawahitaji wawili hawa, anayesema 'tunaweza' na anayesema 'ngoja tuangalie.' Na wewe uliyeona kosa, usilifiche ili mwenzako aaibike. Liseme mapema, liseme kwa nia ya kujenga, kisha ushike kazi pamoja naye. Wivu ukikujia, ujue ni mgeni tu. Mjulishe mwenzako kwamba wivu umekuja, lakini usiuachie kauli."

Kengele ya shule ilisikika kutoka ng'ambo. Wanafunzi wakajipanga mmoja mmoja kwenye kivuko chembamba, na Nukta na Chiriku wakaingia kwenye foleni.